Debe la Bluu na Chai ya Matanga

Watu ishirini na watatu walikunywa chai kwenye matanga ya mume wangu, na wote waliharisha. Ninalisema hili mapema kwa sababu Laini Saba, huku Kibera, bado wako wanaolikumbuka, na ni afadhali ulisikie kwangu. Ukiwauliza wao, waliokunywa walishafika hamsini.

Mume wangu alikuwa fundi wa rangi. Alikufa mwaka ule wa uchaguzi, miezi miwili na kitu kabla ya kura, kwa ugonjwa wa kifua. Daktari alimuuliza kazi yake, akaandika. Hakusema ni rangi iliyomuua, na mimi siwezi kusema ambalo daktari hakulisema. Ninachojua ni kwamba kwa miaka kumi na minne alikwaruza kuta za watu bila kuziba pua. Jioni aliosha mikono kwa thina, yale maji makali ya kusafishia brashi, kisha akamega ugali kwa mikono hiyohiyo.

Jumapili kabla ya kumsafirisha kwenda kumzika Machakos, majirani walikusanyika mbele ya nyumba yetu kama ilivyo desturi, kuomba na kuchanga. Mimi nilikuwa ndani, nimekalishwa kwenye godoro, nimekatazwa kushika kazi yoyote. Kina mama waliopika chai walikosa chombo cha kuitolea nje. Wakaingia stoo ya marehemu, wakaona ndoo nyeupe inayong'aa. Bila shaka iling'aa. Ilikuwa ya rangi ya mafuta, na mume wangu alikuwa ameisugua kwa thina mpaka ikawa kama sahani ya harusi. Wakaisuuza kwa sabuni, wakamimina chai moto.

Walioionja walisema ina nguvu. Mchungaji alikunywa vikombe viwili akasifu tangawizi. Tangawizi haikuwamo. Hakuna aliyeitema, maana chai ya mfiwa haitemwi, hata ikikuuma ulimi. Kufikia saa kumi, foleni ya choo cha ploti, kile kimoja cha wapangaji wote, ilikuwa ndefu kuliko foleni ya kunipa mkono wa pole, na watu walikuwa ni walewale.

Kesho yake nilikwenda kuinusa ile ndoo, nikaelewa. Ningeweza kunyamaza. Watu walikuwa wameshalaumu maziwa. Lakini muuza maziwa hakuwa na kosa, na mimi nikibeba uongo usingizi hunikimbia, na siku zile usingizi wenyewe ulikuwa mchache. Jioni walipokusanyika tena nikaomba nafasi ya kusema. Walidhani nataka kushukuru.

"Haikuwa maziwa," nikasema. "Ni ndoo. Mlikunywa thina."

Kisha rafiki yangu anayeuza mkaa Silanga, mwanamke wa kutoka upande wa ziwa, mwenye sauti ya kumwita mtu aliye ng'ambo ya reli, akasema, "Basi tusilalamike. Marehemu alikuwa anatuaga mmoja mmoja."

Watu walicheka matangani. Mimi pia, chini ya leso niliyojifunika. Hivyo ndivyo nilivyoanza kuwafundisha watu ndoo ipi ni ya maji ya kunywa na ipi siyo, ingawa siku ile sikujua kwamba nimeanza kitu.

Kazi ya mume wangu ilikuwa ya mabaki. Nyumba kubwa za Lavington na Kilimani zikipakwa rangi, huwa kuna robo ya mkebe hapa, nusu pale. Wenye nyumba hawazitaki, na mafundi wengi huzimwaga mtaroni. Yeye alizibeba. Nyumbani alizitenga, za maji upande mmoja, za mafuta upande mwingine, kwa sababu ukizichanganya zinakatika kama maziwa yaliyoharibika. Halafu za maji alizichuja kwa stokingi yangu kuukuu, akazimimina zote kwenye pipa moja, akakoroga kwa ubao.

Na sasa sikiliza. Umimine nyeupe, ya waridi, ya kijani, ya manjano, umimine unachotaka, ukishakoroga sana inatokea rangi moja tu. Rangi ya uji wa wimbi uliotiwa maziwa kidogo. Kwa miaka kumi na minne pipa lile lilitoa uji. Nusu ya milango ya Laini Saba ilikuwa uji.

Lakini yeye hakuwahi kuuza uji. Aliuza Kahawa ya Waziri. Mwezi uliofuata aliuza Ngozi ya Simba, na baada yake Asubuhi ya Ukambani. Mwenye ploti mmoja alinunua Ngozi ya Simba ya ukuta wa mbele na Kahawa ya Waziri ya ukuta wa nyuma, akasimama katikati akasema zinapatana sana.

"Huo ni uongo," nilimwambia mume wangu.

"Uongo uko wapi? Nimesema ni ya bei rahisi, ni kweli. Nimesema haitoki na mvua, ni kweli. Jina si uongo. Wewe mwenyewe uliitwa jina la nyanya yako, na je, wewe ni nyanya yako?"

Nikamwachia ubao wake akoroge. Nina darasa la saba tu, na yeye alikuwa na la nane.

Alipokufa nikaendelea kuuza zilizobaki. Mteja wa kwanza akauliza, "Hii inaitwaje?" Nikasema, "Inaitwa mabaki." Akaenda zake.

Rangi moja tu haikuingia kwenye pipa, nayo ni bluu. Mlango wetu sisi, mlango wa fundi, haukuwahi kupakwa rangi tangu tuhamie pale. Ulikuwa mbao tupu, umepauka, una alama za misumari ya mpangaji aliyetangulia. Nilimsumbua miaka mingi. Nilimwambia sitaki uji, nataka bluu. Mwaka wake wa mwisho akaanza kutenga bluu. Kila alipopata bluu, hata kijiko kimoja chini ya mkebe, aliichuja akaitia kwenye debe dogo la lita kumi, la plastiki, lenye mfuniko wa kubana. Akija nyumbani anasema, "Leo bluu imeongezeka," kama mtu anayenenepesha mbuzi. Sikuwahi kuona ndani. Alinikataza.

Wiki aliyolazwa aliugonga mfuniko kwa ngumi mpaka ukabana kote, akaniambia, "Usifungue mpaka nipone."

Hakupona. Debe likabaki limefungwa, na mimi nikabaki na debe. Sikutaka mtu aliguse. Sikujua hata kama kweli ni bluu, maana huyu ndiye mtu aliyeuza Ngozi ya Simba. Lakini lilikuwa neno lake la mwisho lililobaki wima, na nikaona nikilifungua litakuwa limeanguka.

Uchaguzi ukaja, matokeo yakatangazwa, na wewe unajua yaliyofuata, majirani wakageukiana kwa kabila. Siku za kwanza tulikaa ndani tukinusa moshi na kukisia ni nini kinachoungua. Soko likaisha, unga ukaisha. Mimi ni mtu wa Machakos, na Januari ilipofika, wa kwetu tukaanza kutazamwa vibaya pale Laini Saba kwa sababu kiongozi wa kwetu alijiunga na serikali, jambo lililoamuliwa na wakubwa ambao hawajawahi kununua rangi kwetu.

Mama wa mkaa alikuja asubuhi moja, akaingia bila kubisha.

"Bibi ya fundi, funga virago. Wewe si wa kukaa hapa leo."

"Nimekukosea nini?"

"Mimi hujanikosea. Lakini hao vijana hawaniulizi mimi. Si una dada Kawangware? Nenda. Ukirudi utanikuta nauza mkaa kwa bei ya nyama."

Nikachukua leso, nikaliinua debe la bluu, nikaanza kulifunga mgongoni.

"Na godoro?" akauliza.

"Godoro litaibiwa."

"Si ndiyo ulibebe!"

"Debe pia litaibiwa."

"Mungu wangu," akasema. "Watu wanakimbia na televisheni, huyu anakimbia na rangi." Lakini alinisaidia kukaza fundo.

Nilikuwa sijafika barabara ya Ngong nilipokuta mawe na matairi njiani, na vijana kama kumi. Mmoja mrefu, aliyevaa kofia ya sufu, akanizuia kwa jina ambalo vijana huwaita kina mama wote.

"Mathe, mtoto hajalia?"

"Si mtoto."

Akazunguka nyuma yangu. "We! Mtoto wa huyu mathe ana mfuniko!" Wenzake wakacheka, lakini si kicheko cha kunipendeza. Akagonga debe kwa rungu. "Ni petroli."

"Ni rangi."

"Rangi ya wapi? Fungua."

"Sifungui."

"Kwa nini?"

Mtu mwingine angetunga kitu. Mimi nikasema lililokuwepo. "Mume wangu alisema nisifungue mpaka apone."

"Sasa amepona?"

"Alikufa."

Wakatazamana. Yule wa kofia, bado nyuma yangu, akaushika mfuniko, na mimi nikajaribu kujivuta mbele, nikijua kabisa kwamba huo ni ujinga, kwamba mtu hafi kwa ajili ya rangi. Hapo kijana mmoja mnene, aliyekuwa amekaa juu ya tairi akila muwa, akasimama.

"Ngoja, ngoja. Wewe si ni yule mathe wa chai?"

"Chai gani?" wenzake wakauliza.

"Ile ya matanga, hapo Laini Saba. Ya yule fundi wa rangi."

"Ndiye mimi," nikasema.

"Nilikunywa vikombe vitatu!"

"Pole."

"Siku mbili, mathe! Siku mbili sikutoka kwa choo!"

"Ilikuwa thina."

"Najua ilikuwa thina, si ulituambia!" Akawageukia wenzake, akafuta mikono kwenye suruali kana kwamba ameshanishika. "Wacheni huyu apite. Na kitu yake yoyote msifungue. Nawaambia, msifungue."

Yule wa kofia hakuridhika. "Na kama anatudanganya? Kama ni petroli?"

"Huyu? Huyu alisimama mbele ya watu akasema ametupea sumu, na hakuna mtu alikuwa amemuuliza."

Wa kofia akaondoa mkono wake kwenye mfuniko, polepole. Wakanisogezea jiwe moja nikapita.

Sisemi chai iliniokoa. Jirani yetu aliyepita hapo saa moja baadaye alirudishwa bila viatu na mdomo umepasuka, na hakuwa amemkosea mtu. Ila tu hakuwahi kumpikia mtu chai. Mara nyingi nimelifikiria hilo.

Dada yangu anaishi Kabiro, humo Kawangware, chumba kimoja, yeye na mume wake na watoto watatu. Alinipokea kwa machozi. Kisha akaona debe.

"Godoro umeacha, debe umeleta?"

"Ni la shemeji yako."

Akafuta macho. "Weka hapo pembeni. Likimwagika, utalala nje na yeye."

Kawangware nako kulikuwa na siku mbaya na siku nzuri. Siku nzuri nilitafuta kazi. Lavington iko karibu, na watu wenye nyumba kubwa hata nchi ikiwaka wanapaka ukuta. Nikaanza kuokota mabaki kama alivyofanya mume wangu, na kuyachuja kwenye kiwanja cha ploti. Na kwa sababu ya ile chai, nikaanza kunusa.

Nilinusa kila ndoo. Kwenye foleni ya maji, kabla mtu hajakinga, naingiza kichwa ndani ya chombo chake. Si kwa adabu, nakubali. Wakanipa sifa ya unusaji.

"Mnusaji amekuja! Ficheni ndoo!"

"Mama, nusa na hii yangu, uniambie bwana yangu alikuwa wapi jana."

"Hiyo ilikuwa ya rangi ya mafuta," nilimwambia huyo. "Usitie maji ya kunywa. Panda maua ndani."

"Na bwana?"

"Bwana sijui. Ndoo ndiyo ninayoijua."

Wengi walidhani ninajitafutia makuu. Kwa nini mtu anunue chombo wakati ndoo ya rangi ni imara, ina mkono, ina mfuniko? Mimi mwenyewe nilichota maji kwa ndoo kama hizo miaka mingi, za rangi ya maji na za mafuta, bila kuuliza. Basi sikuwa na haki ya kuwakaripia. Nilichokuwa nacho ni hadithi ya ile chai, na niliisimulia yote, pamoja na mchungaji na tangawizi yake. Wakishacheka, waliikagua ndoo.

Jirani wa dada yangu alikuwa ameweka thina kwenye chupa ya soda, juu ya rafu, kando ya jiko. Mtoto wake wa miaka mitatu alikuwa na mazoea ya kupanda kiti. Nilimwambia mara mbili, akasema, "Aki wewe mama, unapenda shida. Mtoto anajua soda si hii."

Mara ya tatu nilikwenda kwake na kikombe kimoja cha kutupa, vile vyeupe vyepesi vya harusi, nikamwomba animiminie kidogo ndani. Akamimina huku akinicheka. Tukasimama kukitazama. Kikombe kikaanza kulegea, kikaingia ndani ya chenyewe, kitako kikatoboka, na thina ikamwagikia kwenye kandambili zake.

"Hiki hakina tumbo," nikasema, "na bado hakikuvumilia."

Siku hiyo chupa ilihamia kwenye sanduku lenye kufuli. Habari ikaenea, na kwa wiki mbili watu walikuwa wakija kutaka nikirudie kile kitendo cha kikombe, hasa wanaume, ambao hawakuwa na thina wala rangi, bali walipenda tu kuona kitu kikiyeyuka. Kila aliyekuja nilimpa somo kabla ya kikombe, si baada, maana baada ya kikombe walikuwa wanaondoka.

Somo lilikuwa fupi. Rangi iliyobaki, itumie. Usipoweza kuitumia, mpe jirani aitumie. Ikiwa haifai tena, usiimwage mtaroni, maana mtaro hauishii mtaroni, unakwenda kwa mtu anayepanda mboga. Itie unga wa mbao, ikoroge, iache ikauke iwe ngumu kama jiwe, ndipo uitupe. Na usiifuge. Rangi ya maji iliyochanganywa na maji ya bomba si kama pombe, haizidi kuwa nzuri ikikaa. Miezi michache tu, inaoza.

Dada yangu alikuwa akiosha vyombo siku niliposema maneno hayo kwa wanawake wawili. Akainua kichwa.

"Na hiyo yako kule ndani unaifuga ya nini?"

Wale wanawake wakanitazama. Nikasema, "Hiyo ni tofauti."

"Tofauti gani? Ilizaliwa hospitali?"

Nilikasirika, nikaingia ndani. Lakini niliona alichokiona yeye. Mfuniko wa debe ulikuwa umeanza kuvimba. Nikausukuma kwa kidole gumba ukaingia; nilipoondoa kidole ukarudi juu, tak. Siku za jua ulikuwa unalia wenyewe. Shemeji yangu, anayefanya kazi ya ulinzi na kulala mchana, akawa anashtuka usingizini.

"Mume wako anabisha tena," ananiambia. "Mwambie niko lindo la usiku."

Nilijua maana ya mfuniko kuvimba. Hakuna mtu Kabiro aliyejua kuliko mimi. Nikaweka jiwe juu yake.

Wakubwa walipopeana mikono na fujo ikatulia, nilisubiri wiki chache, nikajifunga debe mgongoni pamoja na jiwe lake, nikarudi Laini Saba. Mawe yalikuwa yamesogezwa kando ya njia, bado yako pale, kama watu wanaosubiri kuitwa tena.

Godoro halikuwepo. Meza haikuwepo. Pipa la uji lilikuwa limepinduliwa, na sakafu nzima ya stoo ilikuwa Kahawa ya Waziri, imekauka, ina nyayo za watu. Hayo niliyatarajia. Lakini hata mlango haukuwepo. Walioniibia walikuwa wameng'oa hadi bawaba.

Nilisimama kwenye uwazi palipokuwa na mlango, na debe mgongoni, na hapo ndipo nilipolia. Sikuwa nimelia hivyo hata Machakos, kaburini. Nilikuwa nimeibeba ahadi ya kupaka mlango kutoka Kibera mpaka Kawangware na kuirudisha, na sasa hapakuwa na mlango.

Nikashuka Silanga kumtafuta mama wa mkaa. Nilimkuta mahali pake, kandokando ya vishamba vya mboga, kimoja ni chake, amepanga mikebe ya mkaa kwenye meza pana, nyeusi.

"Umerudi na mtoto wako," akasema. "Mbona macho hivyo?"

"Wameiba mlango."

"Nani ameiba? Huo hapo." Akapiga meza kwa kiganja. "Nyumba niliwaachia. Mlango nikaung'oa mimi, siku uliyokwenda, nikabeba kwa kichwa. Mume wako si alisema atakupakia bluu? Nilisema hawa watu wakichukua mlango, huyu mama atapaka nini, atapaka hewa?"

Nilitazama chini ya meza. Nikaona zile alama za misumari.

Tukaushusha mkaa, tukauosha mlango kwa sabuni na jivu. Haukutakata. Mkaa ulikuwa umeshaingia kwenye mbao. "Rangi itafunika," mama wa mkaa akasema. "Lete." Nikafungua leso, nikaweka debe chini, nikaondoa jiwe. Sikuwa na sababu nyingine ya kungoja. Nikapenyeza bisibisi chini ya mfuniko.

Uliruka wenyewe.

Mama wa mkaa alirudi nyuma hatua tatu, leso puani. "Hii ni rangi ama ni samaki wa juzi?"

"Wewe ndiye mtu wa samaki, wewe sema."

"Samaki wetu hawajawahi kunuka kufika hapa!"

Juu kulikuwa na utando mzito, wa kijivu, wenye ukungu. Niliupasua kwa kijiti na kuusogeza kando. Chini yake ilikuwa bluu.

Bluu kabisa. Haikuwa na uji ndani yake hata tone. Kama anga la Machakos baada ya mvua ya kwanza, ila inanuka. Mume wangu, aliyempa kila mtu jina la uongo la rangi moja, kwangu alikuwa amesema bluu na ilikuwa bluu. Na ilikuwa imeoza, na aliyeiozesha ni mimi. Ningeifungua wiki aliyokufa, mlango ungekuwa umepakwa kabla ya kura.

Nikachukua brashi.

"Unafanya nini?" mama wa mkaa akauliza.

"Napaka."

"Hiyo? Ulale na hiyo harufu nyumba nzima?"

"Itaisha."

"Mwalimu." Hakuwahi kuniita hivyo. Akaweka mikono kiunoni, akafanya sauti yangu, ile ya puani ambayo sikujua kwamba ninayo. "'Rangi iliyooza haipakwi. Haipakwi ndani, haipakwi nje.' Nani alinipigia simu kutoka Kawangware kuniambia hivyo, na kadi ya simu nilikutumia mimi?"

Niliweka brashi chini. Nitasema na hili: nilitazama mtaro. Ulikuwa hatua mbili, maji yake yakienda taratibu kuelekea kwenye sukuma wiki, na baada ya hapo kwenye bwawa la huko chini. Hakuna mtu aliyekuwa akitutazama. Nilitaka imwagike iende, nisiione, nisiwe na la kufanya nayo tena. Mama wa mkaa akafuata macho yangu, akaja akasimama kati yangu na mtaro, mrefu vile alivyo.

"Kwa sukuma yangu?" akasema. "Jaribu."

Basi tukapanda kwa seremala wa Laini Saba, tukaomba gunia la unga wa mbao. Nilimimina, yeye akakoroga kwa ubao, tukapokezana. Ikawa nzito kama ugali. Ikagoma kugeuka. Mama wa mkaa akasema amepika ugali mwingi maishani lakini wa bluu, wenye kunuka, wa kumpikia marehemu, ndio wa kwanza. Tukauanika juani na debe lake. Harufu iliisha baada ya wiki tatu, au tuliizoea, siwezi kuapa.

Ulipokauka tulipindua debe, tukagonga kitako, ukatoka mzima. Jiwe la bluu, la mviringo, zito, linashika umbo la debe hadi mistari ya plastiki. Nilikuwa nimewafundisha watu kwamba hapo ndipo unapotupa. Mimi sikutupa. Somo halikatazi kutotupa, nililichunguza vizuri.

Mlango ulirudishwa kwenye bawaba mpya. Haukupakwa. Ni mweusi mpaka leo, na ukiuegemea unachafuka bega. Lakini mchana, nikiwa nyumbani, nauacha wazi, na kinachouzuia usijifunge ni lile jiwe la bluu. Wateja huuliza hiyo rangi inaitwaje.

"Inaitwa bluu," nawaambia.

Siku tulipouweka mlango, waliotusaidia walikuwa sita, na nilitaka kuwashukuru. Nilipika chai. Niliipika kwa sufuria, nikaimimina kwa birika ambalo halijawahi kukaribia stoo, nikatia tangawizi ya kweli. Mama wa mkaa alipokea kikombe chake kwa mikono miwili, kama inavyotakiwa. Wengine wote wakamngoja. Akakiinua, akainamisha kichwa, na kabla ya kunywa, akakinusa.